Lugha ya Kikao: Mafunzo ya Uongozi katika Vyama vya Viziwi, kwa Kurejelea Isiolo

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo, kwa mtazamo wa haraka, si la wanalugha. Mafunzo ya uongozi na ya uendeshaji wa vyama aghalabu huhesabiwa kuwa kazi ya maafisa wa maendeleo ya jamii na ya mashirika ya wafadhili. Wao ndio huandaa warsha, wao ndio huchapa vijitabu vyenye sura kuhusu wajibu wa mwenyekiti, wa katibu na wa mweka hazina, na wao ndio hugawa vyeti siku ya mwisho. Lakini wanaofunzwa wanapokuwa viziwi, suala zima hugeuka likawa la lugha tangu mwanzo hadi mwisho. Tutajaribu kuonyesha ni kwa nini, tukiegemea hali ya Isiolo, kaskazini mwa Kenya, na kutoka nje ya hapo pale tu ambapo historia inatulazimu.

Yafaa kwanza tuafikiane juu ya majina. Nchini Kenya lugha tunayoizungumzia huitwa Lugha ya Ishara ya Kenya; Tanzania nako kuna Lugha ya Alama ya Tanzania. Hizi ni lugha mbili mbalimbali, wala si majina mawili ya kitu kimoja, na hatuoni faida ya kugombania lipi kati ya ishara na alama ni neno fasaha zaidi. Tutatumia ishara kwa kuwa tuko Kenya. Ama neno kiziwi, wako waandishi wanaolikwepa kwa hoja kwamba kiambishi ki- kinamweka mtu katika kundi la vitu, pamoja na kipofu na kilema. Hoja hiyo ina uzito kidogo kuliko inavyodhaniwa. Upatanisho wa kisarufi unamrudishia mtu utu wake: twasema kiziwi amefika, hatusemi kimefika. Zaidi ya hayo, wenyewe wamelichagua. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kilichoundwa katika miaka ya 1980, hakikuona haya kulitia katika jina lake. Neno linalostahili kuachwa ni bubu, kwa sababu linadai kwamba mtu hana lugha, na dai hilo si la kweli.

Sikio na ulimi katika msamiati wa uongozi

Mtu akiuchunguza msamiati wa Kiswahili unaohusu uongozi ataona kwamba umejengwa juu ya sikio na ulimi. Kutii ni kusikia: mtoto msikivu si yule mwenye masikio makali bali ni yule afanyaye aliloambiwa, na methali yetu humwonya asiyesikia la mkuu kwamba atavunjika guu. Kupatana ni kusikilizana. Mwenye mamlaka ana sauti. Anayewawakilisha wenziwe ni msemaji wao. Hoja isiyopata mpinzani hupita kwa kauli moja. Hata mtu aliyepuuzwa kikaoni hulalamika kwamba hakusikilizwa, ingawa kila aliyekuwapo alimsikia vizuri sana.

Hatusemi haya kwa kuilaumu lugha yetu. Lugha nyingi za watu wanaosikia ziko hivyo, na sitiari ni sitiari. Lakini matokeo yake katika mafunzo ni makubwa. Kijitabu kinaposema kwamba kiongozi bora ni msikivu, mkalimani asiyekomaa ataielekeza ishara yake kwenye sikio, na hapo viziwi wataambiwa, kwa lugha yao wenyewe, kwamba kiongozi bora ni asiye kiziwi. Mkalimani mwenye ujuzi atajiuliza kwanza: je, msikivu huyu ni mtiifu, ni mvumilivu, au ni yule anayepima rai za wenziwe kabla ya kuamua? Maana hizo tatu ni tofauti, na kila moja inahitaji ishara zake. Kiswahili kimezifunika kwa neno moja, na ni vigumu kuifasiri sentensi ile bila ya kuamua mwandishi wake alimaanisha nini. Mara nyingine mwandishi mwenyewe hajui.

Viziwi na uongozi wa mambo yao

Historia fupi yatosha. Mkutano wa waelimishaji uliofanyika Milan mwaka 1880 ulipitisha kwamba watoto viziwi wafundishwe kwa matamshi, na lugha za ishara zikafukuzwa madarasani katika nchi nyingi kwa muda wa karibu karne nzima. Uamuzi huo uliwagusa pia walimu viziwi, kwa kuwa mwalimu kiziwi hawezi kufundisha matamshi. Kwa hiyo tangu hapo shule za viziwi zikawa mikononi mwa wanaosikia. Shule za kwanza za Kenya, kama zile za Mumias na Nyang'oma zilizofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, zilirithi mtindo huo. Watoto walitazama midomo ya mwalimu mchana kutwa, na usiku mabwenini walizungumza kwa mikono yao. Hapana shaka kwamba Lugha ya Ishara ya Kenya inadaiwa mengi na mabweni hayo kuliko na madarasa.

Barani Afrika mtu aliyefungua mlango mwingine alikuwa Andrew Foster, Mmarekani mweusi, kiziwi, aliyehitimu Gallaudet mwaka 1954. Alianzisha shule nchini Ghana mwaka 1957, kisha nyingine nyingi katika nchi mbalimbali, na huko Ibadan aliendesha kozi za kuwaandaa viziwi wa nchi kadhaa kuwa walimu na viongozi. Alifariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987. Mtu aweza kutofautiana naye kwa kuleta ishara za Kimarekani zilizozifunika za wenyeji, na wanaisimu wengi hutofautiana naye kwa hilo. Lakini alithibitisha kwamba kiziwi anaweza kumfunza kiziwi mwenzake kuongoza, bila ya mtu wa katikati. Miezi michache baada ya kifo chake, Machi 1988, wanafunzi wa Gallaudet walifunga milango ya chuo chao hadi wakapata rais kiziwi, wa kwanza tangu chuo hicho kianzishwe.

Afrika Mashariki nayo haikulala. Chama cha Kitaifa cha Viziwi cha Kenya kilisajiliwa mwaka 1987. Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza mradi wa utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya, na jina la Profesa Okoth Okombo, aliyefariki mwaka 2017, haliwezi kutengwa na mradi huo. Mwaka huo huo chama kikatoa kamusi ya ishara chini ya uhariri wa Philemon Akach. Profesa Michael Ndurumo, kiziwi aliyepata shahada ya uzamivu nchini Marekani, alipigania ishara zirudi madarasani. Nchini Uganda, Alex Ndeezi aliingia Bungeni mwaka 1996, akiwa kiziwi wa kwanza kufanya hivyo barani Afrika. Kisha ikaja Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Ibara ya 7 inaitaka Serikali iendeleze Lugha ya Ishara ya Kenya. Ibara ya 54 inampa mwenye ulemavu haki ya kuitumia, na kuagiza kwamba hatua kwa hatua asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na za kuteuliwa ziwe za watu wenye ulemavu. Nayo Ibara ya 120 inaitaja kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza.

Isiolo

Haya yote yakishuka hadi Isiolo, yanakutana na nchi pana yenye watu wachache. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 268,002 katika kaunti yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 25,000, yaani watu kama 11 kwa kila kilomita moja ya mraba. Katika nchi nzima sensa hiyo ilipata kwamba watu wenye ulemavu ni asilimia 2.2 ya wenye umri wa miaka 5 na kuendelea, na viziwi ni sehemu tu ya hao. Msomaji afikirie basi kiziwi mmoja Sericho, mwingine Merti, wawili Kinna, na wachache zaidi walioko Isiolo mjini katika mitaa ya Bulla Pesa na Wabera. Nyumba ya kiziwi wa Merti inazungumza Kiborana, ya mwenzake wa Ngaremara inazungumza Kiturkana, na ya wa tatu inazungumza Kisomali au Kimeru. Yeye mwenyewe, kama hakupata shule, ana ishara za nyumbani tu, anazoelewana kwazo na mama yake na ndugu zake. Aliyepata shule, iwe hapo Isiolo au Kaaga upande wa Meru, amerudi na lugha ambayo nyumbani kwao hakuna aijuaye.

Kwa hiyo chama cha viziwi mahali kama hapa ni kitu kikubwa zaidi ya chama. Mara nyingi ndicho mahali pekee ambapo mtu mzima anaweza kuzungumza na zaidi ya watu watatu. Watu husafiri mwendo mrefu kuja kikaoni, na wakifika, saa nzima ya kwanza huliwa na mazungumzo. Mwezeshaji kutoka Nairobi mwenye ratiba yake ya dakika kwa dakika huweza kuona kwamba muda unapotea, kumbe hayo ndiyo malipo ya safari.

Uongozi wa jadi wa eneo hili nao ni wa mdomo na sikio. Waborana wa Isiolo wana mfumo wa dedha, ambamo wazee, jarsa kwa lugha yao, hukaa na kuamua malisho ya kiangazi na ya masika, visima vya nani vifunguliwe, na wageni wapokelewe kwa masharti gani. Uamuzi hufikiwa kwa maneno yanayozunguka kutoka kwa mzee mmoja hadi mwingine. Kiziwi mwenye ng'ombe wake hupashwa habari ya uamuzi baadaye, kwa ishara mbili tatu: peleka kule, usilete huku. Sababu hazifasiriwi. Naye mtu asiyejua sababu hawezi kuongoza, hata akiwa na akili kiasi gani. Anaweza kutii tu. Tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013, sheria inataka wananchi washirikishwe katika bajeti na mipango. Mikutano hiyo ya hadhara huendeshwa kwa Kiswahili na Kiborana, na mkalimani wa ishara asipokuwepo, kiziwi aliyehudhuria huhesabiwa katika orodha ya waliohudhuria, na hayo ndiyo yote.

Kikao cha macho

Tuje sasa kwenye kikao chenyewe, kwani hapa ndipo vijitabu vya mafunzo hupungukiwa. Taratibu za mikutano tulizozirithi zimetungwa kwa ajili ya masikio. Sikio halina mbele wala nyuma: mtu anaweza kumsikia mjumbe aliye nyuma yake, huku anaandika, huku anatafuta karatasi mfukoni. Jicho haliwezi. Jambo hili moja linabadili karibu kila kanuni.

Safu za viti zinazotazama mbele hazifai, maana aliye nyuma ataona visogo tu. Viti hupangwa kwa umbo la mwezi mchanga, na mwenyekiti hukaa pale anapoonekana na wote. Ajabu ni kwamba neno letu mwenyekiti, ambalo katika vikao vya wanaosikia limebaki kuwa cheo tu, hapa linarudia maana yake ya asili: kiti kikikosewa mahali, hakuna mwenyekiti. Kikao kikifanyika chini ya mgunga, kama ilivyo kawaida Isiolo, mwenyekiti asilipe jua mgongo, kwa sababu mikono na uso wake vitakuwa kivuli. Giza likiingia kikao kimekwisha, hata kama ajenda haijaisha. Kuita usikivu, na hapa Kiswahili kinatutia tena mtegoni, ni kupunga mkono, kumgusa jirani bega, au kuwasha na kuzima taa penye taa. Kupiga mguu sakafuni husaidia palipo na mbao. Juu ya udongo wa Isiolo hakumfikii mtu.

Zamu ya kusema huhitaji nidhamu kali kuliko ya kwetu. Wanaosikia wawili wakisema kwa pamoja, hupatikana angalau nusu ya maneno ya kila mmoja. Viziwi wawili wakisema kwa pamoja pande mbili za kikao, kila mjumbe humpoteza mmoja kabisa. Kwa hiyo mwenyekiti hana budi kumnyooshea kidole mwenye zamu, kungoja macho yote yamfikie, ndipo amruhusu aanze. Mwenyekiti asiyejua kungoja huko hafai, awe msomi vipi. Aidha uso ni sehemu ya sarufi: nyusi na kichwa huweza kuigeuza taarifa kuwa swali au kanusho. Hivyo katika kaunti yenye Waislamu wengi yafaa kufikiriwa mapema kikao cha akina dada wanaofunika nyuso, ili wapate nafasi yao na mkalimani wa kike. Na kuhusu mikono, mjumbe aliyeshika kifungu cha miraa kwa mkono mmoja na soda kwa wa pili amejifunga ulimi mwenyewe, wala mwenyekiti asilaumiwe.

Kazi ngumu kuliko zote ni ya katibu. Katibu anayesikia huandika huku masikio yake yakifanya kazi. Katibu kiziwi akiinamisha macho kwenye daftari, kikao kimemtoroka. Vikundi vingi hulitatua tatizo hili kwa njia iliyo rahisi na mbaya: humtafuta mtu anayesikia, aghalabu ndugu wa mwanachama au mwalimu, akawa katibu wao. Tutaona punde ni kwa nini njia hiyo ni mbaya. Njia bora ni tatu, na zote zahitaji mafunzo. Kikao kiweza kusimama kila ajenda inapokwisha, mwenyekiti akarudia uamuzi, na wote wakangoja katibu aandike. Makatibu waweza kuwa wawili, mmoja akitazama mwenzake anapoandika. Au kikao kirekodiwe kwa simu yenye kamera, na kumbukumbu ziandikwe baadaye. Hii ya mwisho inaenea haraka, nasi tunaiunga mkono, ila ina mambo yake ambayo tutayafikia.

Istilahi

Vijitabu vya uongozi vimejaa maneno ambayo hata Mswahili asiyezoea mikutano huyakodolea macho: akidi, yatokanayo, mengineyo, hoja ya nidhamu. Mkufunzi asiye na ishara ya neno hilo huliendelezea kwa alfabeti ya vidole, a-k-i-d-i, akaridhika kwamba amelifundisha. Kumwendelezea hivyo mtu ambaye hajapata kujifunza Kiswahili ni kumpa kibuyu kitupu. Dhana ya akidi yenyewe si ngumu hata kidogo. Wanachama 10 wakisimama mbele ya kikao, kisha 6 wakaketi, swali likawa "Je, hawa 4 waliobaki wanaweza kuamua kuhusu fedha za wote?", kila mtu hulielewa na wengi hulijibu kwa ukali. Ikishaeleweka dhana, kikundi hupata ishara yake chenyewe kabla ya chakula cha mchana. Kazi inayobaki ni kuilinganisha na ishara za matawi mengine ya nchi, na kazi hiyo ni ya chama cha kitaifa na watafiti, si ya mkufunzi mgeni.

Wapo wanaodai kwamba lugha ya ishara haijakomaa kwa shughuli rasmi kwa kuwa haina istilahi hizo. Wanaosema hivyo tungewakumbusha Julai 1974, Mzee Jomo Kenyatta alipotangaza kwamba Kiswahili kitumike katika Bunge la Kenya. Istilahi za Bunge hazikuwa tayari zikingoja kabatini. Wabunge waliozoea Kiingereza ilibidi watafute maneno wakiwa wamesimama, wengine wakichekwa, na hoja ile ile kwamba lugha haijakomaa ilitolewa dhidi ya Kiswahili. Maneno yalikuja kwa sababu kazi ilikuwapo. Istilahi huzaliwa kikaoni, kisha ndipo huingia kamusini. Kutaka kamusi itangulie kikao ni kutaka mtoto atangulie mimba.

Maandishi na mamlaka

Sasa tufikie kiini cha jambo. Kikundi kinachotaka kutambuliwa nchini Kenya hakina budi kusajiliwa. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua 10, katiba ya kikundi, na kumbukumbu za kikao cha kukiunda. Bila ya usajili hakuna akaunti ya benki ya kikundi, wala mkopo wa Hazina ya Uwezo, wala nafasi ya kuomba zabuni za umma katika ile asilimia 30 iliyotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kila mlango kati ya hiyo hufunguliwa kwa karatasi, na karatasi hiyo imeandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza.

Hapa walimu wa Kiswahili tunaguswa moja kwa moja. Katika mfumo wa elimu wa Kenya mwanafunzi kiziwi husoma na kutahiniwa Lugha ya Ishara ya Kenya mahali pa Kiswahili. Kwa upande mmoja huo ulikuwa ushindi: lugha yake imepewa cheo cha somo. Kwa upande wa pili umezaa hali isiyo ya kawaida. Kiziwi aliyemaliza shule Isiolo anasoma Kiingereza kwa kiasi fulani, lakini Kiswahili, lugha ambayo jirani zake, chifu wake na karani wa kaunti huandikiana, hakukifundishwa kamwe. Afisa mwenye nia njema humtungia kikundi katiba kwa Kiswahili chepesi, akidhani amewasaidia raia wa kawaida; wenyewe huitazama kama mtu anavyotazama mapambo. Linganisha na Tanzania, ambako shule za viziwi, kama ile ya Tabora iliyofunguliwa mwaka 1963 na ile ya Buguruni ya mwaka 1974, zimekuwa katika nchi ambayo lugha ya elimu ya msingi ni Kiswahili. Kiongozi wa tawi la CHAVITA anaweza kumwandikia barua mkuu wa wilaya. Mwenzake wa Isiolo humtafuta wa kumwandikia.

Na anayemwandikia ndiye anayeongoza. Hatusemi kwamba watu hawa wana nia mbaya. Wengi ni dada na kaka wanaojitolea. Lakini fikiria hatua zake. Anaandika kumbukumbu, kwa hiyo yeye ndiye ajuaye kilichoamuliwa. Namba ya simu iliyoko katika fomu ni yake, maana afisa hupiga simu, haandiki ujumbe. Habari ya mkopo humfikia yeye kwanza, na humfikia mwenyekiti ikiwa imefupishwa. Mwaliko wa warsha Nairobi nao vivyo hivyo. Baada ya mwaka mmoja mwenyekiti kiziwi ametia saini karatasi nyingi ambazo hakuzisoma, na siku mkopo usipolipwa jina lililoko juu ya karatasi ni lake. Kumpeleka mwenyekiti huyo katika warsha nyingine kuhusu sifa za kiongozi bora hakutabadili kitu. Anazijua sifa hizo; hana karatasi.

Nikiwa masomoni ng'ambo nilipata kuhudhuria semina iliyoongozwa na mhadhiri kiziwi. Palikuwa na wakalimani wawili waliopokezana kila baada ya dakika 20 hivi, na kilichonishangaza zaidi ya ufundi wao ni kwamba hakuna aliyewaomba maoni. Walikuwa pale kama madirisha. Isiolo mkalimani hupatikana kwa shida, na akipatikana ni mmoja, anafasiri siku nzima, anaitwa mezani kula na wageni, na afisa humwuliza yeye, "Hawa watu wako wanataka nini?" Mafunzo ya uongozi yanayowahusu viziwi peke yao yameacha nusu ya kazi. Afisa naye afunzwe kumtazama mwenyekiti usoni, na kumwuliza yeye.

Turudi kwenye kumbukumbu za kamera. Kikundi kikirekodi kikao chake, wanachama wote, hata wasiojua kusoma, wanaweza kuangalia tena kilichoamuliwa. Katika historia ya vyama vya hapa hilo ni jambo jipya: kumbukumbu ambayo mwenye kuhojiwa na mwenye kuhoji wanaisoma kwa usawa. Lakini msajili hutaka maandishi, kwa hiyo lazima patokee tafsiri, na kila tafsiri huchagua. Tunapendekeza utaratibu ufuatao, ambao hauhitaji fedha nyingi. Maandishi yatungwe kutokana na picha, kisha yarudishwe kwa ishara mbele ya kikao kinachofuata kabla ya mwenyekiti kutia saini, na wanachama wenye picha ya awali waulizwe kama yanalingana. Ndivyo ilivyo kanuni ya kuthibitisha kumbukumbu katika mkutano wowote. Tofauti ni kwamba katika vikao vyetu kanuni hiyo imekuwa desturi ya kupitisha muda, ilhali hapa ndiyo ulinzi wenyewe.

Kwa upande wa idara zetu, katiba ya kikundi ni maandishi ya kurasa 5 au 6, yenye vifungu vinavyofanana nchi nzima. Hakuna kinachozuia idara ya Kiswahili ikae na wakufunzi viziwi na kuandaa nakala moja ya mfano kwa namna tatu zinazoshuhudiana: ishara zilizorekodiwa, Kiswahili, na Kiingereza. Yapo pia mafunzo ya kusoma Kiswahili kwa watu wazima viziwi, ambayo mpaka sasa hayana kitabu cha kiada kilichotungwa kwa kuzingatia kwamba msomaji hatayasikia maneno. Kitabu hicho kitabidi kieleze viambishi kwa jicho. Kitenzi kama hatukuwachagulia, ambacho mtoto anayesikia hukimeza kizima kabla hajaanza shule, kwa msomaji huyu ni vipande sita au saba vinavyotaka kupangwa upya, na katika ishara baadhi ya vipande hivyo huonyeshwa kwa wakati mmoja, kwa mwelekeo wa mkono na mtikiso wa kichwa. Mwanasarufi anayetafuta tatizo la utafiti hana haja ya kwenda mbali zaidi ya hapo.

Limebaki suala la simu iliyo na picha za vikao: ikae kwa nani? Katika vikundi vingine hukaa kwa mwenyekiti, katika vingine kwa mweka hazina kwa kuwa amezoea kutunza vitu. Sisi tungependelea ikae kwa mwanachama asiye na cheo, na nakala ya picha wapewe wengine wawili walioko mbali na mji, mmoja Merti na mmoja Kinna kwa mfano, ili atakayetaka kuifuta kumbukumbu alazimike kusafiri.